Dhana potofu kuhusu kazi ya pamoja katika utafiti wa kisayansi

Dhana: Ugunduzi ni wa mtu mmoja mwenye kipaji, na wengine ni wasaidizi tu.

Tuzo zenyewe huikuza dhana hii, kwa kuwa Tuzo ya Nobel ya sayansi haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Hata hivyo, makala ya mwaka 2015 kuhusu tungamo la chembe ya Higgs (mojawapo ya chembe za msingi za maada), iliyotokana na majaribio mawili ya CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, ilikuwa na waandishi zaidi ya 5,000, na majina yao yalichukua kurasa nyingi kuliko utafiti wenyewe.

Dhana: Watafiti huongezwa ili kazi iishe upesi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na mfano ulio karibu nasi ni chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake la awamu ya tatu, yaani lile linalopima chanjo kwa watu wengi, lililoanza mwaka 2009, liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya. Vituo vingi vilihitajika kwa sababu malaria haienei kwa kiwango kimoja kila mahali, na matokeo ya wilaya moja yasingetosha kulisemea bara zima. Zaidi ya hapo, baadhi ya watoto wa miezi 5 hadi 17 walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa badala ya RTS,S ili kupata ulinganisho. Kwa kuwa chanjo hizo zilitofautiana kwa sura, aliyeziandaa na kuchoma sindano hakuruhusiwa kuwa ndiye anayepima kama mtoto ameugua. Mtafiti mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani, hawezi kujifanya hajui alichokwisha kukiona. Kugawana kazi ndiko kunakoyapa matokeo uaminifu.

Dhana: Timu ikiwa kubwa zaidi, sayansi huwa bora zaidi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature, uliopitia makala, hataza (hati za kulinda uvumbuzi) na programu za kompyuta zaidi ya milioni 65, ulionyesha kuwa timu ndogo huelekea kuleta mawazo mapya, na timu kubwa huelekea kuyaendeleza yaliyokwishajulikana. Kwa hiyo mfadhili anayedai kila ombi la ruzuku liambatane na muungano wa taasisi nyingi anakosea, kwa maoni yangu: jaribio la chanjo halifanyiki bila muungano huo, ilhali swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza huweza kuanza na watu wawili katika maabara ndogo.