Fuata Gunia la Mchele

"Babangu hana kazi," aliniambia. "Yeye yuavua tu."

Alikuwa binti wa Gredi ya Nne katika shule moja upande wa Likoni, na siku hiyo ilikuwa siku ya kazi, yaani siku ya kuwaelezea wanafunzi kazi mbalimbali. Mimi ndiye niliyeipanga. Nilialika daktari, wakili, rubani wa ndege na meneja wa benki. Walikuja wamevaa wakapendeza, wakasimama mbele, wakawahimiza watoto wasome kwa bidii, wakapigiwa makofi. Baadaye nikapita darasani nikimwuliza kila mtoto wazazi wake hufanya kazi gani, na yule binti akainamisha kichwa na kunipa jibu hilo.

Jibu lile nililisababisha mimi. Kwa kuleta wageni wanne wa namna ile nilikuwa nimeshawafundisha watoto, bila kutamka neno, kipi ni kazi na kipi si kazi. Nimekuwa mshauri nasaha wa shule za msingi hapa Mombasa miaka 12 sasa, na tangu siku hiyo sijapanga tena siku ya kazi ya aina ile.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alichapisha nadharia ambayo natamani kila mwalimu wa msingi aijue. Kwa maelezo yake, mtoto haanzi kwa kuchagua kazi, huanza kwa kufuta. Akiwa na miaka 3 hadi 5 anatambua tu kwamba kazi ni mambo ya watu wazima. Kati ya miaka 6 na 8 anafuta zile anazoona si za jinsia yake. Kati ya 9 na 13 anaanza kupima hadhi: anafuta kazi anazoona ni za chini mno kwa watu wa kwao, kisha anafuta zile anazodhani hatazifikia. Ni kuanzia miaka 14 hivi ndipo anajiuliza yeye mwenyewe anapenda nini, na wakati huo anachagua katika masalio. Kilichofutwa hakirudi kwa urahisi mpaka mtu au tukio limrudishe kukitazama upya.

Sasa linganisha umri huo na mtaala wetu wa umilisi. Mwisho wa Gredi ya 9 mtoto anatakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu: wa kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja, wa pili sayansi za jamii, na wa tatu sanaa na michezo. Tukingoja hadi hapo ndipo tuanze kumzungumzia kazi, tunamkaribisha mezani vyakula vingi vikiwa vimeshaondolewa. Na yule binti wa mvuvi wa Gredi ya Nne alikuwa hasa kwenye umri wa kupima hadhi. Alikuwa amempima babake.

Kwa hiyo siku hizi siwaulizi watoto wa msingi "ukiwa mkubwa utakuwa nani?" Swali hilo huleta majibu manne matano yale yale, na mtoto asiye na jibu huazima la jirani yake. Badala yake tunachukua kitu kimoja wanachokijua na kukifuata kilikotoka. Ninachokipenda zaidi ni gunia la mchele wa Pakistan. Ninaliweka mbele ya darasa, nauliza: limefikaje kwenye sufuria ya pilau ya kwenu?

Hapo darasa huchangamka. Kuna nahodha na mabaharia. Kuna rubani wa meli, yule anayepanda ngazi ya kamba meli ikiwa bado nje, ili aiongoze kuingia Kilindini kwa kuwa yeye ndiye anayeujua mlango wa bandari. Kuna wa tagi, zile boti za kuvuta na kusukuma meli, wanaoisukuma hadi gatini, mwendesha kreni, karani anayehesabu mizigo, watu wa forodha na wakala wa kliaringi. Kuna mkaguzi anayechunguza kama mchele umeingia wadudu. Halafu hamali, dereva wa lori, taniboi, mwenye duka la jumla Kongowea, na mpishi wa harusi anayejua kwa macho tu kwamba maji yametosha. Mtoto mmoja aliniongezea fundi wa kushona magunia. Mwingine akauliza ni nani anayejua kama mvua itanyesha siku ya kupakua, tukampata mtabiri wa hali ya hewa. Darasa moja la Gredi ya Tano lilifikisha kazi 34 kabla ya kengele kulia.

Kisha nawaambia wamwondoe mtu mmoja, yeyote, waone kama gunia litafika. Wengi huanza kwa kumwondoa hamali. Basi gunia linabaki chini, lori tupu linanguruma, na darasa linanyamaza. Hatuzungumzii tena kazi ya juu na ya chini siku hiyo. Tunazungumzia kila mmoja anajua nini ambacho mwingine hakijui.

Wageni bado nawaalika, ila kwa masharti: hakuna hotuba, mgeni aje na chombo cha kazi yake, na watoto ndio waulize. Swali la lazima ni hili: wiki iliyopita nini kilikuharibikia, na ulifanyaje?

Mgeni wa kwanza chini ya masharti hayo alikuwa yule mvuvi, baba wa binti. Alikuja na dema, ule mtego wa samaki, na mshipi. Aliwaeleza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na katikati ya hapo huwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Alieleza kwa nini wakati wa upepo wa kusi chombo kidogo hakivuki mwamba ovyo, na kwa nini kaskazi ikivuma bahari hulainika. Akawatajia siku ya mwezi, akawauliza: kesho mtatega dema au mtangoja? Watoto walihesabu kwa vidole, wakabishana, wakahesabu tena. Alipoulizwa kilichomharibikia, alisema mkondo ulimchukulia dema mbili, na akaonyesha jinsi alivyobadilisha fundo la kamba. Binti yake ndiye aliyemshikia kamba.

Mimi nikaongeza jambo moja tu: ng'ambo ya pili, Mkomani, kuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ambako watu wanasoma maji haya haya na samaki hawa hawa kwa vipimo na tarakimu. Sikutaka mtoto aone ngazi ya kupanda kumkimbia babake. Nilitaka aone kwamba maarifa ya babake ni mlango mmojawapo wa kuingilia kule.

Upande wa jinsia lazima tuanze mapema zaidi. Mwaka 1983 David Wade Chambers alitoa matokeo ya michoro ya watoto 4,807 walioombwa kuchora mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, na wote ni wasichana. Nami huomba madarasa yangu yachore rubani wa meli. Karibu kila mara anatoka mwanamume mwenye kofia. Ndipo ninapoonyesha picha ya Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa rubani wa meli. Picha hiyo naipeleka Gredi ya Kwanza. Gredi ya Sita wengi wameshafuta.

Wazazi wenzangu, kuna sentensi moja nawasihi tuiache: "Usiposoma utasukuma mkokoteni." Tunaitamka kwa mapenzi, najua. Lakini darasani kuna mtoto ambaye mkokoteni ndio uliomlipia sare, naye anaisikia.

Muhula ujao tunafuata maji ya bomba, kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, hadi ndoo ya nyumbani. Niliwadokezea Gredi ya Nne wiki iliyopita, na kwa kuwa mgao wa maji wanaujua vizuri, mkono mmoja ulipanda hapo hapo: "Na huyo anofungua maji usiku, yeye hulala saa ngapi?" Nimeanza kumtafuta aje ajibu mwenyewe.