Utambuzi wa mafanikio katika shule ya famasia: maana yake na unavyofanyika

Utambuzi wa mafanikio ni pale taasisi inapotamka hadharani, kwa kumtaja mtu na kazi yake, kwamba kazi hiyo imefanywa na imefanywa vizuri. Katika shule ya famasia ya chuo kikuu utambuzi huja kwa sura nyingi: mhadhiri anapandishwa cheo, mtafiti anapewa tuzo, mtaalamu wa maabara anaandikiwa barua ya pongezi, au linatoka tangazo fupi tu kwamba makala ya fulani imechapishwa. Cheti na makofi vina nafasi yake, lakini utambuzi wenye uzito ni ule unaobaki kwenye kumbukumbu: jina kwenye makala, jina kwenye hataza (hati ya haki ya uvumbuzi), cheo, na mshahara unaokwenda na cheo hicho.

Ugumu unaanza kwenye kipimo. Shule ya famasia ina watu wa kazi zisizofanana hata kidogo. Yupo mkemia anayeunda molekuli mpya, yupo mchunguzi wa mimea ya dawa, yupo mfamasia anayewafundisha wanafunzi wodini namna ya kupunguza dozi kwa mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika, na yupo fundi sanifu anayehakikisha mashine ya kromatografia, inayotenganisha na kupima kemikali zilizomo kwenye sampuli, inasoma sawasawa kabla sampuli ya kwanza haijaingia. Kuwapima wote kwa rula moja ni kuwaonea baadhi yao.

Rula inayopendwa ni idadi ya mara ambazo kazi ya mtu imenukuliwa na watafiti wengine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa faharisi ya h. Mtafiti mwenye faharisi ya 12 ana makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12. Ni hesabu nyepesi, na wepesi huo ndio unaozivutia kamati. Lakini hesabu hiyo haijui kama mtu amechapisha kwa miaka 5 au 30, haijui kama aliongoza kazi au alikuwa jina la kumi na nane kwenye orodha, na haimwoni kabisa yule mfamasia wa wodini, ambaye matunda ya kazi yake ni wagonjwa waliokingwa na dozi isiyowafaa. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotangazwa mwaka 2013, linazitaka taasisi zisitumie alama ya jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hilo hunukuliwa, kupima ubora wa makala ya mtu anapoajiriwa au kupandishwa cheo. Isomwe kazi yenyewe. Naliunga mkono kwa moyo wote, ingawa kusoma kunachukua muda ambao kamati nyingi hazipendi kuutoa.

Swali zito kuliko kipimo ni hili: nani hasa alifanya nini? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi wa makala: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti au katika kupata au kuchambua data, awe ameandika au kuihakiki rasimu kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi, wala kuwa mkuu wa idara. Anayekosa sharti mojawapo hutajwa kwenye shukrani. Majarida mengi sasa hutumia pia orodha ya majukumu 14, tangu kubuni wazo hadi kutunza data, ili mbele ya kila jina pawe na kazi aliyoifanya mwenye jina hilo.

Historia ya dawa inaonyesha kwa nini hilo lina maana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Norman Heatley alifanya kazi katika maabara ya Oxford iliyokuwa ikijaribu kuigeuza penisilini kuwa dawa. Tatizo halikuwa wazo. Kuvu inayozalisha penisilini ilitoa dawa kidogo mno, na dawa yenyewe iliharibika upesi wakati wa kuisafisha. Heatley alipendekeza irudishwe kutoka kwenye kiyeyushi kwenda kwenye maji kwa kubadilisha kiwango cha asidi, kisha akasanifu vyombo vya kauri vya kuoteshea kuvu, vyenye umbo la karibu na vile vya kujisaidia wagonjwa kitandani, vinavyopangika kimoja juu ya kingine. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 ilikwenda kwa Fleming, aliyeigundua penisilini, na kwa Florey na Chain, walioongoza kazi ya Oxford. Heatley alisubiri hadi mwaka 1990, Oxford ilipompa shahada ya heshima ya udaktari wa tiba.

Tu Youyou, aliyesomea famasia Beijing na kuhitimu mwaka 1955, alikutana na hali nyingine. Alishiriki katika mradi wa mamia ya watafiti waliotafuta dawa ya malaria, na makala ya mwaka 1977 kuhusu artemisinini, dawa iliyopatikana katika mradi huo, ilitoka bila jina la mtafiti yeyote, bali kwa jina la kikundi. Alipopewa Nobel mwaka 2015, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 40 tangu afanikiwe kuitoa dawa hiyo kwenye mmea kwa etha, aina ya kiyeyushi, katika joto la chini, na bado watu walibishana kuhusu mgawanyo wa sifa. Kumbukumbu zikiandikwa vizuri tangu siku ya kwanza, ubishi wa namna hiyo hupungua sana.

Shule ya famasia ina wajibu mmoja zaidi katika kutangaza mafanikio yake. Tangazo lake husomwa na wagonjwa. Ukiandika kwamba mtafiti wetu amepata dawa ya saratani, kumbe molekuli imeua seli kwenye sahani ya maabara, umempa mtu tumaini lisilokuwepo. Hatua lazima itajwe: seli, wanyama, au binadamu, na kama ni binadamu, ni awamu ipi ya majaribio, kwa sababu awamu ya 1 huangalia zaidi usalama katika watu wachache, na ufanisi huja kuthibitishwa baadaye. Vilevile kupata ruzuku ya utafiti ni jambo la kupongezwa, lakini ruzuku ni fedha za kufanyia kazi ambayo bado haijafanyika. Isiandikwe kama ugunduzi.

Kwa upande wa utaratibu, vigezo viandikwe na kutangazwa kabla ya majina kupokewa. Mapendekezo yaruhusiwe kutoka kwa wenzake mtu na wanafunzi wake, maana fundi sanifu mara nyingi hana bosi mwenye muda wa kumwandikia. Mjumbe wa kamati aliyeandika makala na mpendekezwa atoke chumbani wakati wa kupiga kura. Na makala iliyoleta tuzo ikija kuondolewa na jarida kwa sababu ya dosari, tuzo iangaliwe upya, na masahihisho yatolewe pale pale tangazo la kwanza lilipotolewa, kwa herufi za ukubwa uleule.