Saketi wazi na saketi funge: kengele za kwanza za umeme za kulinda jengo na kuamsha watu

Kengele ya umeme ya jengo ni mpangilio wa waya, betri, vitufe na kengele unaopeleka habari moja fupi kutoka sehemu moja ya jengo hadi nyingine: mgeni anaita, dirisha limefunguliwa, moto umewaka, saa ya kuamka imefika. Mipangilio hii ilienea Marekani na Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati majengo mengi yalikuwa bado yanawashwa taa za mafuta au gesi. Umeme wake ulitoka kwenye mitungi ya kioo iliyopangwa stoo au chini ya ngazi.

Anayetaka kuielewa aanze na swali moja. Kengele inapokuwa kimya, ndani ya waya mna mkondo wa umeme au hamna? Kama hamna, na mkondo unapita pale tu kitufe kinapobonyezwa, hiyo ni saketi wazi. Kama mkondo unazunguka usiku na mchana, na kengele inalia pale mkondo unapokatika, hiyo ni saketi funge. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua betri ya kununua, jinsi ya kupitisha waya, na hasa kama hitilafu ikitokea itajitangaza yenyewe au itajificha.

Kengele yenyewe

Mwaka 1831 mwanafizikia Mmarekani Joseph Henry, akiwa Albany, New York, aligonga kengele kwa sumakuumeme (chuma kinachogeuka sumaku pale mkondo unapopita kwenye waya uliokizunguka) kupitia waya wenye urefu unaozidi kilomita 1.6. Pigo lilikuwa moja kwa kila mkondo uliopelekwa. Kengele ya mtetemo iliyokuja baadaye inajikatia mkondo yenyewe: sumakuumeme inavuta kipande cha chuma chenye nyundo, nyundo inagonga, na kwa mwendo huohuo kipande kinaachana na skrubu ya mguso. Mkondo unakatika, springi inakirudisha, mguso unafungika tena. Inaendelea hivyo mara nyingi kwa sekunde.

Ncha ya skrubu hiyo ilitengenezwa kwa platinamu. Kila mkondo unapokatika, koili, yaani waya uliozungushwa wa sumakuumeme, inatoa cheche, na shaba ya kawaida ingeungua na kufunikwa na kutu isiyopitisha umeme. Fundi akikuta kengele inavuta nyundo mara moja na kubaki imeishika, ajue skrubu imekazwa mno, mguso hauachani. Ikiwa haivuti kabisa ilhali betri ni nzima, mguso umechafuka au skrubu imelegea.

Saketi wazi: kuita na kuamsha

Hotelini, kengele ilimhudumia mgeni kwa saketi wazi. Ncha moja ya betri inaunganishwa na waya wa pamoja unaopita kila chumba. Kutoka kwenye kitufe cha chumba waya wa pekee unashuka hadi kwenye ubao wa namba mapokezi, unapita kwenye koili ya chumba hicho, kisha unarudi ncha ya pili ya betri. Mgeni akibonyeza, koili inaachia kibao kidogo kinachoanguka na kuonyesha namba ya chumba, na kengele moja ya ubao inalia. Mhudumu akishaona anakiinua kibao kwa mkono. Vyumba 100 vinahitaji waya 101.

Hapo anayeita ni mgeni peke yake. Ili mapokezi nao waweze kumwamsha, kila chumba kiliongezewa kengele na waya wa pili unaokwenda kwenye kitufe kilichoko chini ya ubao. Waya wa pamoja unatosha kwa kazi zote mbili, kwa hiyo vyumba 100 sasa vinataka waya 201. Karani aliandika usiku namba ya chumba na saa ya kuamshwa, na saa ikifika akabonyeza. Mgeni alipaswa kujibu kwa kitufe chake, kibao kianguke. Jibu hilo ni la lazima, kwa sababu katika saketi wazi karani hana njia nyingine ya kujua kama kengele ya chumbani imelia au waya umekatika tangu juzi.

Betri iliyofaa kazi hii ni ya Georges Leclanché, Mfaransa aliyeitoa mwaka 1866. Ndani ya mtungi wa kioo kuna myeyusho wa kloridi ya amonia, fimbo ya zinki, na chungu cha udongo kinachopenyeza maji, chenye bamba la kaboni lililozungushiwa dioksidi ya manganizi na vipande vya kaboni. Seli moja inatoa karibu volti 1.5, kengele ya kawaida ilitumia seli mbili au tatu zilizofuatana. Kwa kazi ya vipindi vifupi betri hii ni nzuri ajabu. Chukua kengele inayokula ampea 0.3 kwa sekunde 5, mara 60 kwa siku: ni sekunde 300, yaani ampea-saa 0.025 tu. Mtungi unaweza kukaa miezi mingi bila kuhitaji zaidi ya kuongezwa maji. Lakini kitufe kikikwama, ampea 0.3 hizohizo zikipita bila kupumzika, hidrojeni inajikusanya kwenye kaboni haraka kuliko manganizi inavyoweza kuiondoa, na volti zinashuka. Betri ikipumzishwa inarudisha nguvu kiasi, ila zinki iliyokwisha hairudi. Mafundi walipaka nta mdomo wa mtungi, kwa sababu chumvi ya amonia hupanda ukutani mwa kioo, ikafika kwenye viungio na kuvila.

Kuna hesabu moja ambayo wajenzi wa mipangilio ya kuamsha hoteli nzima wakati wa moto walilazimika kuifanya. Kengele kumi zikilia pamoja zinavuta ampea 3 kwenye waya wa pamoja. Waya wa kengele wa namba 18, wenye kipenyo cha milimita 1 hivi, una ukinzani wa karibu omu 0.021 kwa mita. Mita 30 ni omu 0.63, na ampea 3 zikipita humo volti 1.9 zinapotea njiani. Betri ya volti 4.5 haiwezi kumudu hasara hiyo, na kengele za mwisho wa korido hazitalia, yaani zile ambazo wenyewe wako mbali zaidi na ngazi. Waya wa namba 14, ulio mnene zaidi, unapunguza hasara kuwa volti 0.75. Hata hivyo seli zenyewe zina ukinzani wa ndani, kwa hiyo ilibidi kuongeza safu za seli sambamba, au kuziita korido kwa zamu.

Saa inayoamsha bila karani

Shuleni, viwandani na kwenye nyumba kubwa, kazi ya karani ilipewa saa ya ukutani. Wazo linaonekana jepesi: weka kipande cha shaba kwenye njia ya mshale wa saa, mshale ukikigusa saketi inafungika. Tatizo ni mwendo wa mshale huo. Ncha iliyo milimita 30 kutoka katikati inasogea kama milimita 0.26 kwa dakika, kwa hiyo kipande cha milimita 1 kinaguswa karibu dakika nne. Kengele inalia muda wote huo, betri inachoka, na kosa dogo katika kukipanga kipande linakuwa kosa la dakika kadhaa.

Dawa ni migusano miwili iliyofuatana kwenye saketi moja. Mshale wa saa unagusa kipande kipana kinachochukua dakika 20 hivi. Mshale wa dakika unagusa chembamba. Mkondo unapita tu migusano yote miwili inapofungika pamoja. Ncha ya mshale wa dakika iliyo milimita 40 kutoka katikati inasogea milimita 4.2 kwa dakika, hivyo kipande cha milimita 1 kinatoa mlio wa sekunde 14, na wakati wake ni sahihi. Inabaki shida ya duru ya saa 12: kengele iliyopangwa saa 11 alfajiri italia tena saa 11 jioni. Ndiyo maana saa za ratiba zilitumia gurudumu linalozunguka mara moja kwa saa 24, lenye matundu ya kuchomeka pini kila baada ya dakika chache.

Mitambo ya saa haina nguvu ya kubana mguso sawasawa, na cheche za kengele zingeuharibu upesi. Kwa hiyo mguso wa saa uliachiwa mkondo mdogo wa kuendesha relei (swichi inayovutwa na sumakuumeme), na relei ikafunga saketi ya kengele. Kwa mtu mwenye usingizi mzito kulikuwa na kengele isiyokoma: mkondo wa kwanza unaachia kilatchi (kikomeo) kidogo ambacho kikianguka kinafunga saketi ya pili, na kengele inaendelea kulia hata mguso wa saa ukishaachana. Kuizima ni lazima mtu ainuke akivute kilatchi kwa uzi. Naiona ni moja ya suluhisho zuri kuliko yote katika fani hii, kwa kuwa inaifanya kengele ithibitishe kwamba mtu ameamka kweli.

Saketi funge: pale ukimya usipoaminika

Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya wezi mwaka 1853. Katika mpangilio wake, mlango au dirisha likifunguliwa springi inajifunga, mkondo unapita, na nyundo inagonga kengele. Edwin Holmes alinunua haki zake mwaka 1857 na kuhamishia biashara New York mwaka 1859. Huo ulikuwa mpangilio wa saketi wazi, na ulifanya kazi vizuri mradi mwizi asijue waya zinapita wapi. Anayejua anazikata kwanza, kisha anafungua dirisha, na kengele haisemi kitu. Panya akizitafuna matokeo ni hayohayo, na mwenye nyumba analala akidhani analindwa.

Saketi funge inageuza mambo. Mkondo mdogo unapita kwenye migusano ya milango na madirisha yote, moja baada ya nyingine, na kuishikilia relei. Dirisha likifunguliwa, waya ukikatwa, kiungio kikioza au betri ya laini, yaani ya saketi hiyo ya milango na madirisha, ikifa, relei inaachia, chuma chake kinaanguka, na saketi ya pili yenye betri yake inapiga kengele. Kila moja ya hitilafu hizo inapiga kelele.

Gharama yake ni kwamba mkondo haulali. Leclanché haifai hapa. Ilitumika seli ya shaba na zinki ya aina ya Daniell ambayo vimiminika vyake vinatenganishwa na uzito tu. Chini kuna bamba la shaba ndani ya myeyusho wa buluu wa salfeti ya shaba; juu, zinki inaning'inia ndani ya myeyusho usio na rangi wa salfeti ya zinki. Inatoa karibu volti 1.1. Seli mbili zikiendesha relei ya omu 50 kupitia laini na ukinzani wa seli wa omu 5 hivi zinatoa ampea 0.04, yaani takriban ampea-saa 1 kwa siku. Kwa hesabu ya kemia, kila seli inakula gramu 1.2 za zinki na gramu 4.5 za fuwele za salfeti ya shaba kila siku. Mstari wa buluu unapaswa kubaki katikati ya mtungi. Ukipanda hadi kwenye zinki, shaba inajipaka juu yake kama tope jeusi na seli inaharibika; hapo unaipa kazi zaidi kwa muda ili buluu ishuke. Ukishuka mno, ongeza fuwele. Mtungi usitikiswe kamwe.

Lakini saketi funge nayo ina mahali pa kudanganywa. Mtu akibandua ganda la waya mbili na kuziunganisha kwa kipande cha waya kabla ya mguso wa dirisha, mkondo unaendelea kuzunguka na relei haihisi lolote. Na ile betri ya pili, ya kengele yenyewe, ni saketi wazi: ikifa, relei itaanguka kimyakimya. Ndiyo sababu ilibidi kengele ijaribiwe kila jioni kwa kufungua dirisha moja kwa makusudi.

Jawabu la mbinu ya kuunganisha lilikuwa kupima mkondo badala ya kuuliza tu kama upo. Mwisho kabisa wa laini, ndani ya eneo linalolindwa, unawekwa ukinzani unaojulikana. Kwenye kituo cha ulinzi kunakaa galvanomita, kifaa cha kupima mkondo, ambayo mshale wake unasimama mahali pamoja. Waya ukikatwa mshale unaanguka sifuri. Ukiunganishwa njiani, ukinzani unarukwa, mkondo unaongezeka, mshale unapanda. Pande zote mbili za mshale kuna mguso wa kengele.

Waya na maovu yake

Sehemu kubwa ya hitilafu haikutoka kwenye vifaa bali kwenye ufungaji. Waya wa kengele wa siku hizo ulikuwa shaba iliyovikwa pamba na kulowekwa nta. Kubana waya mbili chini ya msumari mmoja wa U kulikatazwa na kila fundi mzuri, kwa kuwa msumari unapasua pamba na kuziunganisha. Penye unyevu hata bila msumari mkondo mdogo unavuja kutoka waya hadi waya, na ule ulioungwa kwenye ncha chanya unalika, ukiacha kijani, hadi ukatike. Katika saketi wazi dalili ya kwanza ni Leclanché inayokwisha baada ya wiki chache wakati vitufe havitumiwi sana. Tenganisha waya wa betri, weka galvanomita katikati, hakikisha hakuna aliyebonyeza: mshale ukisogea, mna uvujaji. Kisha tenga korido moja baada ya nyingine mpaka mshale urudi sifuri, na ukuta wenye maji utakuwa kwenye korido ya mwisho uliyoitenga.