Hedifoni za kale za umeme tuli: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu kampuni ya Stax ya Japani ilipoingiza sokoni hedifoni yake ya SR-1 mwaka 1960, vifaa vya aina hii vimezungukwa na maneno mengi, na sehemu kubwa ya maneno hayo hutoka kwa watu wanaovipima kwa kipimo cha hedifoni za kawaida. Hedifoni ya kawaida ina koili ya waya na sumaku. Ya umeme tuli haina hata kimoja kati ya hivyo. Ndani yake kuna kiwambo cha plastiki chenye unene wa maikromita chache tu, kilichopakwa tabaka linalopitisha umeme kwa shida na kuwambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Kiwambo hupewa chaji ya kudumu kwa volti nyingi, nayo mabamba hupokea mawimbi ya sauti yanayopingana, hivi kwamba bamba moja linapovuta, jingine husukuma. Kila kitu basi kinategemea chaji iliyotulia juu ya kiwambo, na ndiyo sababu dalili za ubovu hapa hazisomwi kama kwingine.

"Upande mmoja ukififia, kitoa sauti chake kimekufa."

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu fedha kuliko zote, kwa wauzaji wanaouza kitu kizima kwa bei ya kibovu na kwa wanunuzi wanaofanya kinyume chake. Upande kufifia maana yake ya kwanza ni kwamba upande huo una chaji pungufu, na chaji hupungua kwa sababu kadhaa: pini za plagi zilizochafuka, kebo iliyochoka, unyevunyevu uliokaa ndani baada ya miaka ya kuhifadhiwa vibaya, chembe ya vumbi inayoivujisha kuelekea kwenye bamba, au tabaka la kiwambo lililochakaa. Ni sababu hii ya mwisho tu inayodai kiwambo chenyewe kishughulikiwe. Anza kwa kubadilishana waya za kushoto na kulia zinazoingia kwenye amplifaya: ubovu ukihamia upande wa pili wa kichwa, hedifoni haina kosa. Ukibaki palepale, iache hedifoni ikiwa imeunganishwa, usikilize mara moja, kisha baada ya saa moja, kisha kesho yake. Upande unaoamka polepole hadi ukaufikia mwenzake unapokea chaji kwa kuchelewa. Upande unaoanza sawa na mwenzake kisha ukazama unavujisha. Hali hizi mbili hazitibiwi kwa njia moja. Siku chache katika chombo kikavu chenye vifuko vya jeli ya silika zimewahi kurudisha sauti ambayo mwenyewe alikwisha kuikatia tamaa.

"Multimita imeonyesha volti 387 badala ya 580, kwa hiyo kiendeshi kimeharibika."

Kiendeshi ni kile kifaa kinachoipa hedifoni chaji na mawimbi ya sauti, na aliyepata namba hiyo huenda anacho kizima kabisa. Chaji ya kiwambo hupitishwa kwenye resista kubwa sana, kwa kawaida ya megaomu 5 hivi, ili mkondo uwe mdogo mno. Multimita ya kawaida nayo ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ukiigusisha kwenye pini ya chaji, resista hiyo na multimita hugawana volti: theluthi moja hubaki kwenye resista na theluthi mbili ndizo zinazosomwa, na theluthi mbili za 580 ni 387. Kwa kifaa cha volti 230 utasoma takriban 153. Kwa hiyo ama utumie kichunguzi chenye ukinzani wa gigaomu kadhaa, ama ufanye hesabu hii kabla ya kung'oa kapasita zisizo na hatia. Nakiri kwamba mara nyingine kapasita zina hatia kweli, kwa kuwa volti hizo huzalishwa na mnyororo wa daiodi na kapasita ambazo umri huzidhoofisha. Lakini hilo lithibitishwe kwa kipimo sahihi.

"Maadamu plagi inaingia, itafaa."

Hedifoni za zamani za Stax hutumia chaji ya volti 230 na plagi ya pini 6. Zile zinazoitwa Pro, zilizoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutumia volti 580 na plagi ya pini 5, kwa sababu nafasi kati ya kiwambo na bamba iliongezwa kutoka milimita 0.3 hadi 0.5. Plagi ya pini 5 huingia katika soketi ya pini 6, na matokeo yake ni sauti ndogo tu, bila madhara. Kinyume chake kilizuiwa kwa makusudi na ile pini ya sita, na anayetengeneza adapta ili kukwepa kizuizi hicho anahatarisha kiwambo kigande kwenye bamba au kipigwe na cheche. Koss ESP/950, ya mwaka 1990, ina volti zake 600 na plagi yake yenyewe. Stax SR-40 na ndugu zake ni elektreti: chaji imefungwa ndani tangu kiwandani, kwa hiyo zinahitaji transfoma ya kupandisha mawimbi ya sauti lakini hazihitaji volti za chaji.

"Volti hizo karibu na masikio zinaweza kuua."

Mkondo wa chaji hauwezi kuzidi takriban milliampea 0.12, kwa ile resista tuliyoitaja. Hatari ya kweli iko kwingine: nyaya zinazopeleka sauti kwenye mabamba hubeba mamia ya volti bila ulinzi huo, na kapasita za ndani ya amplifaya hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kebo iliyopasuka ganda isitumike, hata kwa majaribio.

"Ikikoroma ukiibana kichwani, kiwambo kimechanika."

La. Hewa iliyobanwa husukuma kiwambo, au kile kijitando kinachokinga vumbi, na mlio huo ni wa kawaida. Mlio wa mchemko usiokoma hata muziki ukiwa umezimwa ndio wa kuogopwa.

"Kupaka kiwambo upya ni kazi ya jioni moja."

Wapo wanaofanikiwa, lakini vitoa sauti vingi viligundishwa kwa gundi na kuvifungua ni kuviharibu. Kiwambo kipya lazima kikazwe kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Tena tabaka lisipitishe umeme vizuri: likiwa kama chuma, chaji itakimbilia pale kiwambo kinapolisogelea bamba, sauti itachafuka na cheche zitaruka. Kupuliza vumbi kwa hewa ya kopo ni kosa jingine, kwani hewa hiyo huweza kuupasua utando huo mwembamba.

"Iliyokaa kwenye boksi bila kutumika ndiyo salama zaidi."

Sponji huoza hata isipoguswa, na makombo yake huangukia kitoa sauti. Ngozi bandia ya mito ya masikioni hubanduka, hewa ikavuja, kisha msikilizaji akalaumu hedifoni za umeme tuli kwamba hazina besi. Viendeshi vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani vilikusudiwa umeme wa volti 100, na kukichomeka kimoja kwenye volti 230 bila transfoma ni kukiunguza. Mwombe muuzaji picha ya ndani ya mito na ya kibandiko cha volti nyuma ya kiendeshi, kisha umuulize pande mbili zilikuwaje baada ya saa nzima ya kusikiliza. Jibu la dakika mbili halitoshi.