Mwenye kichuguu si nyoka

Msimu wa kusafisha mashamba ukianza huku Tabora, naitwa kuambiwa jambo lilelile: "Bwana shamba, kile kichuguu kina nyoka, nataka kukichoma." Wengine hunipigia simu tairi limeshawaka.

Dhana: Kichuguu ni nyumba ya nyoka

Nyoka hana jembe. Kichuguu chenye mchwa hai ukikitoboa, vibarua huja na udongo uliolowa mate wakaanza kuziba palepale. Yale matundu makubwa mnayoyaogopa ni ya mhanga, aliyekuja usiku kula mchwa akaenda zake. Baada yake huingia yeyote: ngiri, nungunungu, nguchiro, na ndiyo, hata chatu au koboko. Wote hao ni wapangaji, na wengi hupendelea kichuguu ambacho mchwa wameshahama. Mjanja wao ni kenge. Yeye hufukua kichuguu hai, hutaga, kisha huwaachia mchwa kazi ya kufunga mlango. Mayai yanabaki kwenye joto na unyevunyevu hadi yaanguliwe.

Tairi lako linaunguza nyasi za juu tu. Malkia yuko ndani kabisa, kwenye chumba cha udongo mgumu, anaendelea kutaga. Na nyoka unayemwona uani kafuata panya, panya kafuata mahindi uliyorundika nyuma ya jiko. Anzia hapo, tafadhali.

Dhana: Kumbikumbi ni mdudu mwingine

Ni mchwa walewale, madume na majike walioota mabawa, wanatoka mvua zikianza kwenda kuanzisha vichuguu vyao. Na ndugu wa karibu wa mchwa ni mende, si siafu.

Dhana: Mbegu ya uyoga wa kichuguu ipo dukani

Haipo. Kichuguu kikifukuliwa utaona sega la kuvu, la kahawia, lenye matundu kama dodoki, limetapakaa vitone vyeupe. Mchwa hulijenga kwa majani na miti waliyotafuna, kisha hulila. Uyoga huo huchipuka humo. Ukiua mchwa, umeua na uyoga. Anayetaka wa kulima kwenye mifuko, alime uyoga aina ya mamama.

Dhana: Juu ya kichuguu hapaoti kitu

Ule mkwaju wenu umesimama wapi? Udongo wa kichuguu una mfinyanzi na chokaa kuliko mchanga wa kando yake, na mvua zikizidi hapatuami maji. Ukilazimika kukibomoa, usiutupe. Uvunjevunje, uchanganye na samadi, utawanye shambani kabla ya kupanda, hasa pale mahindi yanaponyauka mapema.