Je, Kipigo Humtuliza Bondia Mwanagenzi Mwenye Papara?

Katika kumbi nyingi za ndondi huaminika kwamba mwanagenzi anayerusha ngumi kwa nguvu zote mazoezini atatulia akishapigwa vilivyo na mzoefu. Hata hivyo, mara nyingi nguvu hizo hutokana na hofu: mabega hukakamaa, pumzi hubanwa na macho hufumbwa kila ngumi inapokuja, hivyo kipigo huizidisha tu, na kofia ya kujikinga, ingawa hupunguza michubuko, haizuii mtikisiko wa ubongo. Ni afadhali kocha asimamishe raundi, kisha aruhusu ngumi za mkono wa mbele pekee, huku mzoefu akijilinda kwa kusogeza miguu na kwa kumkumbatia. Anayetaka kuhakikisha kwamba chanzo ni hofu na atazame iwapo pumzi ya mwanagenzi inarudi katika raundi hiyo. Anayeumiza wenzake kwa makusudi, huyo ashushwe ulingoni.