Kaliba haikatai upepo

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu, basi. Kwa mazoea neno hilo hutumika pia kwa kipenyo cha kichwa cha risasi kinachopita humo. Halitaji uzito wa kichwa hicho, wala urefu wake, wala kiasi cha baruti iliyomo kwenye ganda. Kwa hiyo ushauri wanaopewa wawindaji wa kondoo wa milimani, kwamba "kule juu kuna upepo, chukua kaliba kubwa", umepinda tangu mwanzo.

Majina ya risasi yenyewe hayasaidii. Kichwa cha risasi ya .270 Winchester, ya mwaka 1925, kina kipenyo cha inchi .277. Kisha .30-06 ya 1906, .308 Winchester ya 1952 na .300 Winchester Magnum ya 1963 zote hurusha kichwa cha inchi .308, yaani milimita 7.82. Mwenye .300 anayejisifu mbele ya mwenye .30-06 kwamba kaliba yake ni kubwa zaidi, anajisifia kitu ambacho hana. Kaliba ni ileile. Alichomzidi mwenzake ni baruti.

Sasa upepo. Wengi hudhani risasi husukumwa na upepo kwa muda wote iwapo hewani, hivyo inayowahi kufika ndiyo inayopotoka kidogo. Sivyo. Kinachohesabika ni ucheleweshaji: muda halisi wa safari, ukitoa muda ambao risasi ingetumia kama isingepunguzwa kasi na hewa hata kidogo. Zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa ubavuni, utapata umbali wa kupotoka.

Chukua kichwa cha milimita 6.72 kutoka 6.5 Creedmoor, kirefu na chembamba, chenye gramu 9.3, kikitoka mtutuni kwa mita 820 kwa sekunde. Bila hewa kingefika mita 400 kwa sekunde 0.488, lakini kwenye hewa ya usawa wa bahari hutumia 0.55 hivi. Upepo wa ubavuni wa mita 5 kwa sekunde utakipotosha sentimita 31. Weka pembeni kichwa kifupi cha .30-06 chenye gramu 9.7, kikitoka kwa mita 890. Bila hewa ni sekunde 0.449, lakini hutumia kama 0.57. Hicho kinapotoka sentimita 60. Kilitoka na kasi kubwa zaidi, kina kaliba kubwa zaidi, uzito unakaribiana, na bado kimepotoka karibu mara mbili.

Sababu ni kwamba uso unaokabili hewa hukua kwa mraba wa kipenyo. Kutoka 6.72 hadi 7.82 umeongeza zaidi ya theluthi moja ya uso huo bila kuongeza uzito wa maana. Namba inayobeba habari hii ni BC, kigezo cha balistiki: ikiwa kubwa, hewa hukipunguzia kichwa kasi kidogo. Huandikwa kwenye pakiti ya vichwa. Kaliba kubwa hunufaika pale tu inapopewa kichwa kizito na kirefu kinacholingana nayo, gramu 13 na kuendelea kwa .308. Hapo ndipo bunduki nyepesi ya kupandia milima inapopiga teke kali, na mpigaji huanza kufumba macho kabla hajavuta kifyatulio.

Tena kichwa kirefu kinadai mtutu unaokizungusha haraka. Mitutu mingi ya .270 hukizungusha kichwa mara moja kwa kila inchi 10, na humo vichwa virefu mno hulegalega. 6.8 Western ya mwaka 2021 hurusha kipenyo kilekile cha .277, ila kwa mzunguko wa inchi 8 au chini kidogo, hivyo hubeba vichwa vya gramu 11. Kaliba moja, tabia mbili tofauti mbele ya upepo.

Kwenye mita 3,000 hewa ina takriban robo tatu tu ya uzito wake wa usawa wa bahari, kwa hiyo hesabu zote hizi hupungua. Usishangilie sana: korongo hugeuza upepo, na ule ulio karibu na mpigaji hudhuru zaidi kuliko ulio kwa mnyama, maana hupindua njia ya risasi mapema. Ukikosea kukadiria kwa mita 2 kwa sekunde, kwa hesabu za usawa wa bahari kichwa chembamba kitakuhamisha sentimita 12 na kile kifupi 24. Eneo la moyo na mapafu ya kondoo dume lina upana wa sentimita 25 hivi. Kosa la kwanza linakuacha ukingoni mwa mapafu. La pili linampiga tumboni, au linamkosa kabisa.

Anayeuliza "kaliba gani kwa upepo" hajapotea njia. Aongezee tu BC ya kichwa, kasi ya mtutuni na mzunguko wa mtutu. Akishapata hayo matatu, kaliba itakuwa imejichagua.